Upanga wa Kiingereza Bujumbura: Ulikotoka na Kazi Uliyoundiwa

Upanga wa Kiingereza ukionekana Bujumbura, jambo la kwanza linalojulikana ni kwamba umesafiri. Burundi haikuwahi kuwa koloni la Uingereza. Wajerumani walijenga kituo chao cha kijeshi Usumbura mwaka 1897, Wabelgiji wakauteka mji Juni 1916, wakaukalia hadi uhuru wa mwaka 1962, na ndipo jina la Bujumbura likashika. Majeshi hayo mawili yalikuwa na panga zake, na wafanyabiashara waliotoka pwani ya Waswahili walikuja na zao. Kuutambua upanga mmoja kati ya hizo zote ni kujibu maswali matatu: nani aliufua, nani aliubeba, na uliundwa kwa kazi gani. Majibu hayo yamo kwenye chuma zaidi kuliko kwenye hadithi inayoandamana nacho. Muuzaji ana kila sababu ya kulitaja jina la mpelelezi Stanley, chuma hakina.

Kabla ya yote hutazamwa kama kitu chenyewe ni upanga kweli. Silaha ndefu iliyopinda kidogo mara mbili, kama mwili wa nyoka anayetambaa, yenye ubapa wa sentimita 57 hivi, mara nyingi ni singe, yaani kisu cha kuchomekwa kwenye mtutu wa bunduki. Dalili zake hazifichiki: kwenye kinga ya mkono pana tundu la duara la kupitisha mtutu, na upande mmoja wa mpini pana mfereji mwembamba wenye springi ya kubania. Singe ya Kiingereza ya mwaka 1856, iliyotengenezewa bunduki fupi za Enfield, ina mpini wa ngozi nyeusi yenye miraba, uliopigwa ribiti. Ile ya Kifaransa ya mwaka 1866 ina umbo karibu lilelile, lakini mpini wake ni wa shaba ya manjano wenye mikunjo, na juu ya mgongo wa ubapa kumeandikwa kwa mwandiko wa mkono jina la kiwanda, mwezi na mwaka. Bunduki zilizokwisha kutupwa na majeshi ya Ulaya zilimiminika Afrika ya Mashariki katika nusu ya pili ya karne ya 19, hata mataifa yakatia saini mkataba wa Brussels mwaka 1890 kujaribu kuzizuia. Singe zake zilikuja nazo, na zimebaki baada ya bunduki kuoza.

Kuna pia chuma kingine cha Kiingereza kilichoenea kuliko upanga wowote wa askari: panga la shamba. Kampuni ya Ralph Martindale ya Birmingham, iliyoanzishwa mwaka 1874, iliuza mapanga yenye chapa ya mamba katika nchi nyingi za joto, Afrika ya Mashariki ikiwemo. Panga la namna hiyo likizeeka na kupata mpini mpya wa mti linaweza kumdanganya mtu, hasa chapa ikiwa imefutika nusu. Ubapa wake mpana, mwembamba, usio na mfuo wala kinga ya mkono, unatosha kuondoa shaka.

Kikishathibitika kuwa ni upanga, kazi ya pili ni kuutafutia aina. Hapo Waingereza wamemrahisishia mtafiti, kwa sababu tangu mwaka 1788 serikali yao ilianza kuweka vielelezo rasmi vya panga za askari wa farasi, na kufikia 1796 kulikuwa na vielelezo vya askari wa farasi wazito, wepesi na maofisa wa miguu. Kila kielelezo kiliitwa kwa mwaka wake. Kabla ya hapo kila kamanda wa kikosi alinunua alichopenda, na kuzipanga panga za wakati huo ni kazi ya wabobezi.

Upanga wa askari wa farasi wepesi wa mwaka 1796 unastahili kusimuliwa, kwa kuwa unaonyesha jinsi kazi inavyozaa umbo. Ofisa mmoja, John Gaspard Le Marchant, alikwenda vitani Flanders kati ya 1793 na 1795 akaona aibu: askari wa Kiingereza walikuwa wakijikata wenyewe na kuwakata farasi wao. Aliporudi alishirikiana na Henry Osborn, mfua panga wa Birmingham, wakatengeneza ubapa mpana uliopinda sana, unaozidi upana kuelekea nchani, kusudi uzito wote umwangukie adui kwa pigo moja la kukata. Akaandika pia mwongozo wa mazoezi, uliokubaliwa mwaka huohuo wa 1796. Le Marchant mwenyewe aliuawa Salamanca, Hispania, mwaka 1812. Upanga wake uliigwa Ujerumani na India, kwa hiyo umbo hilo peke yake si ushahidi wa Uingereza. Linahitaji chapa ya kulithibitisha.

Karne nzima iliyofuata Waingereza waliendelea kubishana kama upanga ni wa kukata au wa kuchoma. Mabishano hayo yanasomeka katika chuma. Upanga wa ofisa wa miguu wa mwaka 1822 ulijaribu kuridhisha pande zote mbili: ubapa uliopinda kidogo, na kinga ya mkono ya shaba iliyotobolewa kama dirisha la kanisa kongwe, katikati yake zikiwa herufi za mfalme. Mwaka 1845 ubapa huo ukabadilishwa kwa muundo wa Henry Wilkinson wenye mfuo. Mwaka 1892 walioutaka upanga wa kuchoma wakashinda. Ubapa ukanyooshwa, ukawa mwembamba na mgumu. Mwaka 1895 kinga ikawa bakuli la chuma cheupe, na mwaka 1897 ukingo wa bakuli hilo ukakunjwa upande wa ndani ili usichakaze sare. Huo wa 1897 ndio unaobebwa na maofisa wa Kiingereza kwenye gwaride mpaka leo, na ndio wenye uwezekano mkubwa kupatikana Afrika ya Mashariki, kwa kuwa umekuwepo muda wote wa ukoloni.

Upanga wa askari wa farasi wa mwaka 1908 ni tofauti na wote. Mpini wake umeumbwa kama wa bastola, kinga yake ni bakuli kubwa la bati la chuma, na ubapa wake wa sentimita 89 hivi hauna kazi nyingine ila kuchoma kutoka mgongoni mwa farasi anayekimbia. Wajuzi wengi wanausifu kuwa bora kuliko zote zilizowahi kutolewa kwa wapanda farasi wa Kiingereza. Ulifika wakati farasi wa vita anaondoka. Katika vita vya 1914 hadi 1918 mbung'o waliwamaliza farasi na nyumbu wa majeshi yote yaliyopigana katika Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, kwa hiyo upanga wa 1908 ukipatikana kando ya Ziwa Tanganyika ni vigumu kuamini kwamba ulifika hapo juu ya farasi.

Aina ikijulikana, herufi za kifalme hupunguza miaka. VR ni Malkia Victoria, aliyetawala 1837 hadi 1901. E VII R ni Edward wa saba, hadi 1910. G V R ni George wa tano, hadi 1936. G VI R ni George wa sita, hadi 1952. Na E II R ni Malkia Elizabeth wa pili. Taji lililo juu ya herufi husaidia pale herufi zilipolika: matao ya taji lililotumika kuanzia 1901 hadi 1953 yamepanda kwa duara, na yale ya kuanzia hapo hadi 2022 yanabonyea katikati. Upanga wa Kijerumani wa siku za Usumbura huonyesha W yenye namba ya pili, ya Wilhelm. Wa Kibelgiji huwa na simba aliyesimama, au herufi ya mfalme wa Ubelgiji, na pengine jina la Fonson, mfanyabiashara wa Brussels aliyewavisha maofisa wa Kibelgiji. Ni hizi mbili zinazotarajiwa zaidi Bujumbura, na anayeshika upanga wenye simba kwenye mpini asikimbilie kusema ni wa Uingereza. Maofisa wa majini wa Kiingereza, wa jeshi la Ujerumani na wa Ubelgiji wote walimpenda simba.

Jina la Solingen kwenye ubapa nalo huwapotosha wengi. Mji huo wa Ujerumani ulifua panga za dunia nzima, na washona sare wa London waliagiza ubapa kutoka huko, wakatia majina yao, wakawauzia maofisa wa Kiingereza. Jina lililoandikwa kwa hiyo laweza kuwa la mfuaji au la fundi cherehani. Hapo ndipo tofauti ya ofisa na askari wa kawaida inapoanza kusaidia. Ofisa alijinunulia upanga wake. Ubapa wake umechorwa kwa tindikali, una majani, taji, herufi za kifalme, jina la duka, na wakati mwingine herufi za kwanza za jina lake au nembo ya ukoo. Upanga wa askari ulikuwa mali ya serikali, hauna pambo, lakini umejaa mihuri: mshale mpana unaotambulisha mali ya taifa la Uingereza, taji lenye herufi na namba za mkaguzi, na kwenye kinga ya mkono herufi za kikosi pamoja na namba ya silaha ghalani. Upanga wenye uchoraji mzuri na pia mihuri mingi ya serikali unastahili kutiliwa shaka.

Kwa panga za maofisa hakuna alama yenye thamani kama namba ya Wilkinson. Kampuni hiyo ilitokana na karakana ya bunduki ya Henry Nock, iliyoanzishwa London mwaka 1772, na kuanzia miaka ya 1850 ilipiga namba kwenye mgongo wa ubapa wa panga zake bora, karibu na mpini. Namba ziliandikwa kwenye madaftari pamoja na tarehe, na mara nyingi jina la mnunuzi. Madaftari hayo yamesalia, ingawa kampuni iliacha kufua panga mwaka 2005. Kwenye ubapa uleule, karibu na mpini, pamewekwa kidonge cha shaba ndani ya nyota ya pembe sita, ishara kwamba upanga ulijaribiwa kwa kupindwa na kupigwa kabla ya kuuzwa. Nyota hiyo imewafanya watu wengi wadhani wameshika upanga wa Kiyahudi. Wafuaji wengine waliiga nyota, kila mmoja akiweka kidonge chake, kwa hiyo nyota pasipo namba haimaanishi Wilkinson.

Makali nayo husema jambo. Upanga wa ofisa ulitoka dukani ukiwa butu, na ulinolewa tu mwenyewe alipoitwa vitani. Mistari ya tupa au ya jiwe la kunolea kwenye sehemu ya mbele ya ubapa, ikiwa ya zamani na imeshika kutu pamoja na chuma kingine, huonyesha kwamba upanga uliandaliwa kwa damu, hata kama haukuiona. Usionolewa kamwe ulikuwa wa gwaride, harusi na karamu. Kazi hiyo ya pili isidharauliwe, maana panga nyingi za karne ya 20 hazikuwa na nyingine. Mwaka 1914 maofisa wa miguu walikwenda vitani Ulaya na panga zao, na baada ya miezi michache wakaziacha, kwa kuwa mlenga shabaha wa adui alimtambua ofisa kwa upanga wake.

Zipo pia panga ambazo hazikuwahi kuwa za kupigana hasa. Ule wa maseremala wa jeshi, wa mwaka 1856, una mpini wa shaba na meno ya msumeno mgongoni, na ulikuwa wa kufyekea njia na kukatia miti. Wanadiplomasia na magavana walivaa upanga mwembamba ulionyooka, wenye kinga ndogo ya dhahabu, ambao haukutarajiwa kutoka alani. Na majenerali, tangu 1831, wana upanga uliopinda wenye mpini wa pembe za ndovu, usio na bakuli la kinga ila msalaba mfupi wa shaba, katikati ukiwa na fimbo na upanga vilivyokingamana. Umbo hilo Waingereza walilichukua kutoka kwa Wamamluki wa Misri, na mtu aliyezoea panga za Kiarabu za pwani ataudhani wa Oman. Pembe yenyewe ina historia yake hapa. Zanzibar ilikuwa soko kuu la pembe za ndovu katika karne ya 19, na sehemu kubwa ya shehena yake ilibebwa vichwani kutoka Ujiji na nchi zinazolizunguka ziwa. Inawezekana kabisa jenerali wa London alikuwa ameshika kiganjani tembo wa Tanganyika. Biashara ya kimataifa ya pembe ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa 1989, baada ya Bujumbura kujulikana kama kituo kikubwa cha pembe ingawa nchi haikuwa na tembo wa kutosha hata mzigo mmoja, kwa hiyo upanga wa namna hii una masharti yake ya kisheria ukivuka mpaka.

Zinabaki njia ambazo upanga wa Kiingereza ungeweza kupita kufika kaskazini ya ziwa. Ya kwanza ni ya Richard Burton na John Hanning Speke, waliofika Ujiji Februari 1858 na Uvira, ng'ambo ya ziwa mkabala na Bujumbura ya leo, tarehe 26 Aprili mwaka huo. Walitaka kujua kama Mto Rusizi unaingia ziwani au unatoka. Wenyeji wakawaambia unaingia, nao wakarudi bila kuuona. Ni bahati ya historia kwamba Mwingereza wa kwanza kufika pande hizo ndiye aliyeujua upanga kuliko wenzake wote. Miaka mitatu kabla, usiku wa Aprili 1855 huko Berbera, Burton alijipigania kwa upanga hadi mkuki ukampita mashavu yote mawili. Baadaye alitunga mafunzo ya upanga kwa askari wa miguu, yaliyochapwa 1876, na mwaka 1884 akatoa kitabu kikubwa cha historia ya upanga, cha kwanza kati ya vitatu alivyokusudia. Viwili havikuandikwa.

Swali la Rusizi lilijibiwa Novemba 1871, David Livingstone na Henry Morton Stanley walipopanda mtumbwi kutoka Ujiji. Jiwe la Mugere, kusini ya Bujumbura, limeandikwa majina yao na tarehe 25 Novemba 1871. Safari hizo mbili ndizo zinazotajwa kila mara, lakini kwa idadi ya silaha si kitu mbele ya njia ya pili, biashara ya pwani. Manowari za Kiingereza zilizowinda majahazi ya watumwa zilikuwa na kituo Zanzibar, na mabaharia wake walipanda majahazi wakiwa na visu vipana vya kinga nyeusi ya chuma. Lloyd Mathews, aliyeunda jeshi la Sultan Barghash kuanzia 1877, alikuwa ofisa wa manowari iitwayo London. Kutoka Unguja hadi Ujiji, na kutoka Ujiji hadi Uzige, mahali Bujumbura ilipojengwa, bidhaa zilikuwa na njia iliyokanyagwa vizuri.

Njia ya tatu ni vita. Mwaka 1915 jeshi la majini la Uingereza lilituma mashua mbili za injini, Mimi na Toutou, kila moja urefu wa mita 12 hivi, kwa meli hadi Cape Town, kisha kwa treni, kwa kukokotwa na ng'ombe na mashine za mvuke kupita milima ya Mitumba, hadi Lukuga upande wa Kongo. Kiongozi wa msafara huo, Geoffrey Spicer-Simson, alikumbukwa kwa kuvaa sketi na kwa chale zilizomjaa mwilini. Tarehe 26 Desemba 1915 waliteka meli ya Kijerumani Kingani, wakaibatiza Fifi. Tarehe 9 Februari 1916 wakaizamisha Hedwig von Wissmann. Wajerumani waliizamisha wenyewe meli yao Graf von Götzen karibu na Kigoma mwezi Julai, nayo ndiyo iliyoibuliwa baadaye ikaitwa Liemba. Kikosi hiki ndicho pekee cha wanamaji wa Kiingereza kilichopigana ziwani. Upanga wa kielelezo kilichowahusu maofisa wake ni wa mwaka 1827: kinga nzima ya shaba isiyotobolewa, kichwa cha mpini ni simba ambaye manyoya yake yanashuka mgongoni mwa mpini, mshiko wa ngozi nyeupe ya samaki iliyozungushiwa waya wa dhahabu, na katikati ya kinga nanga iliyofungwa na kamba chini ya taji. Nanga hiyo haimo katika upanga wowote wa jeshi la nchi kavu.

Usumbura wenyewe haukutekwa na Waingereza hao. Waliouingia Juni 1916 ni askari wa Kongo chini ya Frederik Olsen, Mdenmark aliyekuwa akiwatumikia Wabelgiji. Mpaka uliochorwa baada ya vita uliiacha Bugufi, iliyokuwa sehemu ya ufalme wa Burundi, upande wa Tanganyika chini ya Uingereza, na mkataba wa 1921 ukawapa Wabelgiji bandari zao Kigoma na Dar es Salaam. Kuanzia hapo mizigo ya Usumbura ilipita kwenye reli na ofisi za Waingereza kwa miaka 40. Upanga wa 1897 wenye herufi za George wa tano au wa sita, ulionunuliwa mnadani Kigoma au kurithiwa Kasulu, unaelezeka kwa njia hii fupi kuliko kwa safari yoyote ya wapelelezi.

Mwisho, panga nyingi zinazouzwa sasa kama za kale zilifuliwa India kwa ajili ya mapambo. Chuma chake ni laini, uchoraji wake hauna kina, herufi za kifalme zimeunganika vibaya, na mpini hucheza kwa kuwa shina la ubapa ndani yake limefungwa kwa nati. Upanga wa kweli kwa kawaida shina lake limepita mpini mzima na kupigwa nyundo juu mpaka likasambaa. Kinachoharibu ushahidi huu kuliko kutu ni usafi. Brashi ya waya na msasa wa karakana za mtaa wa Buyenzi vitaondoa kwa dakika chache namba, nyota na jina ambavyo ndivyo pekee vingemtaja mwenye upanga. Mwenye kuupata aupige picha kwanza pande zote mbili, mgongoni na kwenye kinga, aupake mafuta mepesi, apime ubapa kutoka kinga hadi ncha, na akabidhi vipimo hivyo kwa Jumba la Makumbusho la Gitega kabla hajamruhusu fundi yeyote kuugusa.